Wavu Huu Ulitengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Juma hili nimerudi kutoka Njombe, na safari hii sikuja na habari za viazi wala za mbao. Nimekuja na habari za kuku 14 wa mama yangu, waliouawa usiku mmoja ndani ya wigo nilioujenga mimi mwenyewe.

Wavu wa waya niliununua Makambako, nikaupakia juu ya basi kama mtu aliyenunua godoro la arusi. Nikachimbia nguzo za miwati, nikatengeneza na kilango cha mbao. Majirani walikuja kutazama, na nakiri kwamba kichwa kiliniota kidogo. Wiki 3 baadaye, alfajiri, simu ikalia. Kuku wamelala chini, shingo zimeumwa, na wengi wao hawakuliwa hata unyoya. Hiyo ndiyo kazi ya kicheche. Akiingia kwenye kuku waliobanana, huua zaidi ya anachoweza kula. Fedha ya kuku wale ilikuwa tayari imepangiwa sare za shule za wajukuu wawili.

Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwani mwanangu, wavu huu ulitengenezwa kwa ajili ya nani?"

Swali hilo limenisumbua njia nzima, kwa kuwa kila wigo una adui wake, na wigo za Njombe zimebadilisha maadui mara nyingi.

Bibi yangu hakuwa na wigo wa kuku. Kuku wake walilala jikoni, juu ya kichanja, karibu na moto, na yeye alisema moshi unafukuza utitiri. Jioni mlango ukifungwa, umefungwa. Na ulikuwapo wakati ambapo kufunga mlango halikuwa jambo la kuku. Tangu mwaka 1932 hadi 1947 simba wala watu waliitesa wilaya ya Njombe. Hesabu inayotajwa sana ni watu 1,500. Wapo wanaoitilia shaka, nami sigombani na hesabu ya marehemu. Kinachojulikana ni kwamba George Rushby, afisa wa wanyamapori, ndiye aliyewawinda, na simba 15 waliuawa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imewaua wanyama wa porini ili kuizuia sotoka isiteremke kusini, simba wakakosa mawindo. Kizazi cha bibi kilijifunza kuamini mlango.

Mnamo 1949 ikaja kampuni ya miwati, TANWAT, chini ya Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza. Walichotaka ni magome, ya kutengenezea dawa ya kulainishia ngozi. Sisi tulichopata ni miti iliyonyooka. Kabla ya hapo uani palizungushiwa mianzi, ile ile inayotupa ulanzi wakati wa mvua. Baadaye zikaongezeka nguzo za miwati, na viwanda vya mbao vilipoenea yakaja mabanzi, yale makombo ya gogo yenye gome upande mmoja. Ukipita leo kati ya Makambako na Njombe utayaona mabanzi kila mahali: vyoo, mabanda ya nguruwe, hata vibanda vya chipsi.

Lakini wigo wa kuku hasa, kwa jinsi mama anavyosimulia, uliletwa na jirani. Miaka ya 1974 na 1975, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja na shamba lake, walipangwa kwa mistari. Kuku wa huyu akawa anaamkia kwenye mboga za yule. Kesi za kuku zikawa nyingi. Watu wakazungushia mianzi ili kuku wasitoke, na ili waishi kwa amani na mwenzao wa nyumba ya pili. Kicheche hakuhesabiwa, kwa sababu usiku kuku waliendelea kulala jikoni.

Waya ulikuja kwa njia ya Makambako, kama karibu kila kitu kingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, iliufanya mji ule kuwa kituo. Barabara ya lami ya kwenda Songea, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, ikaufanya kuwa njia panda. Matenga ya kuku yalishuka kwenda Dar es Salaam, na bidhaa za madukani zikapanda kuja kwetu.

Sasa, wavu wenyewe. Ulianzia Norwich, Uingereza, mji uliokuwa maarufu kwa wafumaji wa nguo. Mwaka 1844 Charles Barnard alibuni mashine ya kufuma waya kwa kuiga mashine za kufumia nguo. Kwa hiyo tulicho nacho ni kitambaa, msikilizaji. Kitambaa cha waya! Kinamzuia kuku asizurure. Mnyama mwembamba hupenya kwenye matundu yake, nguchiro huchimba chini yake, kanu hukipanda na kushukia ndani, na ukungu wa Njombe hukila kwa kutu.

Nilikosea mara mbili. Kwanza sikuufukia wavu. Chini unapaswa kushuka kama sentimita 30 na kukunjwa kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao. Pili, na hili ndilo linaloniuma, niliwatoa kuku jikoni. Nilimwambia mama kwamba kulala na kuku ni mambo ya zamani.

Wasomaji wafugao mjini wataniambia kideri kinaua kuku wengi kuliko kicheche. Ni kweli, na chanjo inatengenezwa hapa hapa nchini. Chanjeni. Lakini kuku aliyechanjwa naye huumwa shingo.

Tumejenga chumba kidogo cha mabanzi yaliyopigwa misumari bila nafasi, kimeinuliwa juu ya nguzo, paa la bati, mlango wa komeo. Kuku 3 walionusurika, pamoja na jogoo aliyeazimwa kwa shangazi, huingia humo jua likizama, na mama huhesabu kwa sauti kabla ya kufunga. Mchana wanazurura.

Wavu nao haukutupwa. Mama ameufungua kutoka kwenye nguzo zangu, akauzungushia bustani yake ya kabichi ili kuku wasiingie.