Niliweza, Nilikuwa Naweza, Ningeweza: Historia Fupi ya Uwezo katika Sarufi na Mahakamani

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu kitenzi kuweza na namna Kiswahili kinavyoeleza uwezo wa sasa na uwezo uliopita. Ili mjadala usielee hewani, tuuweke Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kwenye mashamba ya mpunga na mifugo, mahali ambapo Msukuma, Mbende na Mfipa hukutana kwa Kiswahili. Tuchukue mfano wa kubuni. Ng'ombe wameingia katika shamba la mpunga, na mtu aliyekuwa karibu ameitwa kutoa ushahidi. Huenda akatamka mojawapo ya sentensi hizi:

(a) Niliweza kuwazuia.
(b) Nilikuwa naweza kuwazuia.
(c) Ningeweza kuwazuia.

Mfasiri mwenye haraka atazipeleka zote tatu kwenye neno moja la Kiingereza, yaani "could". Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hutenganisha mambo haya kwa njeo na hali, na kwamba tofauti hiyo ikipotea katika maandishi, ukweli wa shahidi nao hupotea.

2.0 Sentensi tatu, mambo matatu

Kwa matumizi ya kawaida, sentensi (a) inaarifu tendo lililofanikiwa: ng'ombe walizuiwa. Sentensi (b) inaarifu hali: nguvu au nafasi ilikuwapo, lakini msemaji hajasema kama aliitumia. Sentensi (c) imefungwa na sharti, hata kama sharti lenyewe halikutajwa, na msikilizaji huelewa kwamba ng'ombe hawakuzuiwa.

Ukanushi nao una mgawanyo wake. "Sikuweza kuwazuia" humaanisha kwamba katika tukio lile jambo lilishindikana. "Nilikuwa siwezi" hueleza hali iliyodumu. Tena, kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Madan ya mwaka 1903, zinaonyesha kwamba "siwezi" likisimama peke yake lilimaanisha "mimi mgonjwa". Mzee anayesema "siku ile nilikuwa siwezi" huenda anaeleza homa, wala hazungumzii ng'ombe hata kidogo.

Kuna pia kauli ya kutendeka, ambayo huuondoa uwezo kwa mtu na kuuweka kwenye kitu. Anayesema "sikuweza kupita" anajitaja mwenyewe. Anayesema "njia haikupitika" anaitaja njia na matope ya masika. Pale panapoulizwa nani alizembea, kauli hizi mbili haziwezi kubadilishana.

3.0 Upande wa Kiingereza

Kiingereza nacho kina historia yake. Kitenzi "can" kilitokana na "cunnan" cha Kiingereza cha Kale, ambacho maana yake ya msingi ilikuwa kujua. Umbo lake la wakati uliopita ni "could", na herufi "l" iliyomo humo iliingizwa baadaye kwa kuigiza "would" na "should". Hivyo basi, neno la kujua lilipanuka likameza pia nguvu na nafasi. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. "Anajua kuogelea" ni habari ya ujuzi. "Anaweza kuogelea" yaweza kuwa habari ya mguu uliopona.

Waingereza wenyewe hutofautisha. Kwa uwezo wa jumla wa zamani husema "could". Kwa tendo moja lililofanikiwa huelekea "was able to" au "managed to". Katika ukanushi mpaka huo hufifia, na "couldn't" hutosha kwa yote mawili. Mwanafunzi wetu aliyekariri kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can" huandika "niliweza" kila anapoikuta, hata pale panapohitaji "ningeweza".

4.0 Urithi wa sarufi

Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliweka -nge- kwa sharti la wakati uliopo na -ngali- kwa sharti la wakati uliopita. Lahaja ya Unguja ilipofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, mgawanyo huo uliendelea kufundishwa, na vitabu vingi vya shule vimeurithi. Mazungumzo, hata hivyo, yana njia zake. Wasemaji wengi hutumia -nge- kwa jana na kwa leo, na -ngali- imebaki zaidi katika maandishi. Kwa sababu hiyo, sentensi (c) haijitoshelezi kuhusu wakati. Ni lazima shahidi aulizwe: lini?

5.0 Mahakamani

Kwa miongo mingi Mahakama za Mwanzo za Tanzania ziliendesha kazi kwa Kiswahili, ilhali katika mahakama za juu yake kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa desturi kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa lugha moja, kalamu ikaandika kwa nyingine. Mwaka 2021, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hatua hiyo ni kubwa, lakini haikufuta tatizo. Hukumu za miaka iliyopita, ambazo mawakili huzirejelea, zimo katika Kiingereza, na tafsiri kati ya lugha hizi mbili itaendelea.

6.0 Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wafundishe "could" kwa kuanzia na swali la maana: je, tendo lilifanyika, uwezo ulikuwapo tu, au palikuwa na sharti? Pili, pale ambapo uwezo wa mtu ndio kiini cha shauri, maneno ya shahidi yaandikwe kama alivyoyatamka, na tafsiri iwekwe kando yake. Mkulima wa Kakese aliyesema "nilikuwa naweza" hajakiri kwamba alizuia, wala hajakiri kwamba alizembea. Amesema lililo kati ya hayo mawili, na ni haki yake lisomeke hivyo.