Meza, mvinyo na gereza: Mreno, si Mhispania

Nawaandikia kutoka Stockholm, ambako majira ya baridi giza huanza kuingia saa tisa alasiri.

Binti yangu anasoma Kihispania shuleni. Wiki jana karudi anachekelea: "Baba, Kiswahili chenu mmekiiba! Mesa ni meza, pera ni pera, carta ni karata." Jirani yetu, mama wa Kichile (wengi wao walikimbilia hapa Uswidi baada ya mapinduzi ya 1973), akamuunga mkono. Nikabaki peke yangu jikoni kwangu mwenyewe, ikabidi nijitetee.

Kufanana kupo, sikatai. Ila aliyetuletea maneno hayo ni Mreno, ambaye lugha yake na ya Mhispania ni za tumbo moja. Alikaa pwani yetu tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi Waomani walipomtoa Mombasa mwaka 1698. Ushahidi uko kwenye sauti. Mhispania husema vino. Mreno huandika vinho, na hiyo nh ni ny yetu kabisa. Ndiyo maana tunasema mvinyo, si mvino.

Gereza ndilo linalonikosesha usingizi. Kanisa kwa Mhispania ni iglesia, kwa Mreno igreja. Sasa hivi kanisa liligeukaje jela? Nenda Unguja, Ngome Kongwe: Waomani waliijenga palepale palipokuwa na kanisa la Wareno. Jengo likabadilika, jina likabaki. Kamusi za karne ya 19 zinatoa maana mbili, ngome na jela, manake ndani ya ngome ndimo watu walimofungwa. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Binti alipolisikia hili aliacha kucheka.

Mhispania naye hakukosekana kabisa. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, Ureno ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Halafu sarafu yake ya fedha ilitumika Unguja kwa jina la reale ya mzinga: zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake, wazee waliziona mizinga! Kwa yaliyowapata, siwalaumu.

Na pesa je? Hapa wengi tunateleza tukidhani ni peso. Hapana bwana, ni paisa ya Kihindi.

Leso tumebishana hadi chai ikapoa. Mimi nasema lenço ya Kireno, jirani kang'ang'ania lienzo yake. Wenzangu wa Pemba, kwenu kuna maneno gani ya Mreno ambayo sisi wa bara hatuyajui? Yaleteni.