Kupima sukari kwa mwanga bila sindano: Kwa nini bado ni ndoto

MKAZI wa Bahati, Kaunti ya Nakuru, anayeugua kisukari na kutumia insulini hulazimika kujidunga kidole mara kadhaa kwa siku ili apate tone la damu la kupima.

Uchungu huo, pamoja na gharama ya vijikaratasi vya kupimia ambavyo hutumika mara moja na kutupwa, huwafanya wengi kuvutiwa na matangazo ya saa na pete zinazodaiwa kupima sukari kwa mwanga pekee.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mnamo 1974, mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi alibuni mbinu ya kupima oksijeni katika damu kwa mwanga. Hospitali nyingi hutumia leo kifaa cha aina hiyo, kinachobana ncha ya kidole.

Kifaa hicho hupitisha mwanga mwekundu na miale ya infraredi kidoleni. Damu yenye oksijeni tele huwa nyekundu ang'avu, ilhali iliyopungukiwa hukolea. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo husomwa.

Sukari, kinyume na hayo, haina rangi. Isitoshe, ni kidogo mno: damu yote ya mtu mzima mwenye afya huwa na takriban gramu 5 tu, sawa na kijiko kimoja cha chai.

Miale inayoweza kuitambua humezwa pia na maji, mafuta na protini, ambazo ni nyingi zaidi mwilini. Jasho na joto la ngozi nalo huvuruga matokeo. Ngozi ya mkulima anayekama ng'ombe alfajiri ya baridi kule Dundori si sawa na ilivyo adhuhuri shambani.

Wanasayansi wengine hutegemea namna mwanga unavyotawanyika, jambo lililogunduliwa na Mhindi C.V. Raman mwaka wa 1928. Mnamo 2020, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliitambua sukari moja kwa moja kupitia ngozi ya nguruwe hai. Hata hivyo, walitumia mitambo ya maabara, si saa ya mkononi.

Rangi ya ngozi pia ni suala zito kwa Waafrika, kwani melanini humeza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulibaini kuwa vifaa vya kupima oksijeni vilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe.

Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vile vibandiko vya mkononi vinavyopima sukari mfululizo huwa na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi.

Hatari ni kubwa. Anayedanganywa na kipimo anaweza kujidunga insulini kupita kiasi, sukari ikashuka, akachanganyikiwa, akazirai au kufa katika muda wa saa chache.

Kwa sasa, mgonjwa ashauriwe kunawa na kukausha mikono, kudunga ubavu wa kidole badala ya ncha ili kupunguza uchungu, kubadilisha vidole, na kutotumia sindano moja na mwenzake. Anayetaka kununua kifaa kipya amwulize kwanza daktari au muuguzi wa kliniki yake.