Utemi wa Mara: uliingia na mvua, ukatoka na karatasi

Tangu Septemba 8, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa pale Bujora, Kisesa, na kupewa jina la Chifu Hangaya, machifu wamerudi majukwaani. Migolole imetolewa masandukuni, usinga unapepea, na kwenye sherehe za serikali wamepata viti vya mbele. Huku kwetu Mara mjadala umeshika kasi pia. Kaa kijiweni Iringo, hapa Musoma mjini, ukisubiri kahawa ipoe, na hutakosa wa kukwambia kwamba watemi walikuwa wafalme wetu tangu enzi na enzi, mpaka Nyerere alipowafuta.

Hiyo ya kufutwa ni kweli. Ila ya "enzi na enzi", kwa Mara, ina walakini mkubwa.

Nauegemeza ubishi wangu kwa Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na wazee wa mkoa huu miaka ya 1990, na zaidi ya yeye, kwa wazee wenyewe waliokuwa wakiandika historia za makabila yao kwa Kiswahili. Mwaka 2003 Shetler alizikusanya kazi hizo akazichapisha. Ukizisoma unakutana na nchi isiyokuwa na mfalme mmoja. Uzanaki ulikuwa na maeneo mengi, kila moja na wakubwa wake. Nguvu ilikuwa kwa waganga wa mvua, kwa waaguzi na kwa marika. Rika lililokuwa zamu lilizunguka mipaka ya nchi kuizindika, na muda wake ulipokwisha likapisha rika lililofuata. Hakuna aliyekaa mpaka akafia madarakani kwa sababu tu baba yake alikaa. Nani alisema ukomo wa madaraka tumeletewa na wafadhili?

Ikizu, ambayo leo iko wilayani Bunda, ndiyo yenye hadithi tofauti, na ni tamu mno kupita haraka.

Wazee wa Ikizu husimulia kwamba katika nchi iliyo chini ya Mlima Chamuriho aliishi mwindaji aitwaye Isamongo. Mali yake kubwa ilikuwa moto. Kutoka Kanadi, upande wa Usukumani, akaja mwanamke aitwaye Nyakinywa. Yeye alikuja na mvua. Wakakutana, na kukazuka lile swali linalozuka katika kila nyumba: mkubwa humu ni nani? Mwindaji hakuona sababu ya kumnyenyekea mgeni, tena mwanamke. Alikuwa na pinde, alikuwa na moto, na aliijua nchi. Wakakubaliana kila mmoja aonyeshe alichonacho. Isamongo akawasha. Nyakinywa akaita mvua, nayo ikaja. Moto ukazimika, mwenye moto akalowa chapachapa, akasalimu amri. Nyakinywa akawa mtemi wa kwanza wa Ikizu, na urithi wa kiti ukafuata upande wa mama.

Msomi atasema hii ni hekaya ya wawindaji kukutana na wakulima, na huenda ni sawa. Lakini angalia alichoshindia Nyakinywa. Hakuleta jeshi, hakudai ukoo wa kifalme. Alipewa nchi kwa kuwa mvua yake ilinyesha. Utawala wa namna hiyo una masharti: mtemi ambaye mvua yake haiji hana cha kujitetea. Ni mkataba kuliko ufalme, na anayeupima ni mkulima mwenye mtama unaokauka shambani.

Mjerumani aliukuta mpango huu wa mvua, marika na waaguzi, ukamchanganya. Alitaka mtu mmoja wa kumtuma kukusanya kodi na wa kumchapa viboko isipopatikana. Kwa hiyo, mahali ambapo hapakuwa na chifu, akamteua. Mwaka 1915 Nyerere Burito, baba yake Mwalimu Nyerere, akawekwa kuwa mtemi kule Butiama, Uzanaki, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vinaendelea. Waingereza walipoichukua nchi wakamthibitisha, na Gavana Donald Cameron akaupa mpango wa machifu sheria mwaka 1926: chifu akawa mamlaka ya wenyeji, mwenye baraza, mahakama na mshahara. Mshahara huo ulitoka kwenye kodi. Hapo ndipo mkataba ulipogeuka. Mtemi sasa alijibu kwa Bwana DC aliyekaa Musoma, mvua inyeshe isinyeshe.

Burito aliongoza mpaka alipofariki mwaka 1942, na kiti kikaenda kwa mwanawe Edward Wanzagi. Mwana mwingine, Kambarage, ambaye ndiye Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na Mugaya mwaka 1922, hakuwa kwenye foleni. Yeye aliokotwa na bao. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, mwenye kiti kilichoanzia kwa Nyakinywa, alikuwa akija Butiama kumtembelea Burito, na wakubwa hao wakicheza bao alimwona kijana akihesabu kete kwa werevu uliozidi umri wake. Akamwambia rafiki yake: mpeleke huyu shule. Mwaka 1934 Kambarage akaingia Mwisenge, hapa Musoma. Baadaye mmoja wa wanawe aliitwa Makongoro, na huhitaji kuuliza kwa nini.

Tabora, Makerere, Edinburgh, TANU, Uhuru: hayo kila mtoto wa shule anayaimba. Linalotuhusu ni kwamba mwanzoni mwa 1963, Jamhuri ikiwa na wiki chache tu, sheria iliyowapa machifu mamlaka ilifutwa. Baadaye mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine ya kumaliza madai yaliyotokana na kufutwa kwao, na mahakama zikawekwa chini ya mahakimu. Mtoto wa mtemi, mdogo wake mtemi, aliyesomeshwa kwa ushauri wa mtemi, ndiye aliyekuwa Ikulu.

Linganisha na wenzetu. Warusi walikuwa chini ya ukoo wa Romanov tangu 1613. Nicholas II alipong'olewa mwaka 1917, mwaka uliofuata aliuawa pamoja na mkewe na watoto wake kule Yekaterinburg, na nchi ikaungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zanzibar, Sultani Jamshid alikimbilia melini Januari 1964, watu wengi wakiuawa. Uganda, majeshi ya Obote yalivamia kasri la Kabaka kule Mengo mwaka 1966. Ethiopia, Haile Selassie aling'olewa mwaka 1974. Butiama hapakuvunjika hata chungu. Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikuwa Spika wa Bunge, na Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri kabla ya kujiuzulu.

Wapo wanaotoa sifa zote kwa hekima ya Mwalimu. Mimi natoa sehemu yake kwa wazee. Viti vingi vya Mara vilikuwa na umri wa mtu mmoja, na wananchi walijua nani aliwaweka waliovikalia. Chifu aliyejulikana kwa kodi ya kichwa hakuwa na wa kumfia. Hasara ilikuwa kwingine: pamoja na karani wa kodi tulimtupa mwenye mvua, na marika, na mabaraza yaliyopatanisha watu waliogombea mipaka kabla ya kesi kufika polisi.

Baada ya hapo machifu walibaki wa misibani na wa matambiko. Ukoo wa Burito una chifu wake hata leo, na anapokea wageni wa Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu, pale Mwitongo, Butiama, ambako makaburi ya wazazi wa Mwalimu yapo karibu na la kwake. Mabasi ya wanafunzi husimama hapo, na ni haki yasimame. Ila sijaona basi likipinda kwenda Ikizu kumtafuta Nyakinywa, na kwenye hotuba za machifu wapya sijasikia akitajwa mwanamke aliyeuanza utemi kwa hoja ya mvua.

Na kile kitabu cha wazee? Kilichapishwa Leiden, Uholanzi. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Bunda na Butiama, wanaopata fedha za kukodi mahema ya matamasha ya machifu, wangeanza kwa kuomba kibali cha kuzichapa upya kurasa zile za Kiswahili na kuzigawa kwenye shule za sekondari za wilaya zao.