Nambari 128077

Mama mdogo aliniandikia saa tatu usiku kutoka Liuli: "Bibi hali mbaya. Nikodi gari twende Mbinga?" Nilikuwa maktaba, Dar es Salaam, nahangaika na tasnifu ya uzamili. Nikamjibu kwa dole gumba, 👍, nikimaanisha kodi, hela natuma. Simu nilikuwa nimeitoa sauti. Alibipu mara mbili, sikuona.

Asubuhi akapata vocha. "Mwanangu, ulinitumia kisanduku. Tumekesha tukisubiri jibu."

Simu yake ni kiswaswadu. Kilichotoka kwangu hakikuwa picha. Emoji husafiri kama nambari, na dole gumba ni 128077; simu inayopokea ndiyo huchora. Ikikosa mchoro wa nambari hiyo, huweka kisanduku kitupu.

Neno lenyewe ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alibuni alama 176 kwa ajili ya simu za NTT DoCoMo, kila moja ndani ya vijiraba 12 kwa 12. Makampuni mengine ya huko yalikuwa na alama zao, kila moja na nambari zake, hivyo moyo uliotumwa kwa mteja wa kampuni nyingine uliweza kupotelea njiani. Mwaka 2010 Unicode, shirika linalozipa herufi za kompyuta nambari, likaziingiza emoji kwa mamia. Lakini liligawa nambari; kuchora kuliachiwa watengeneza simu. (Hata gharama hubadilika: SMS ya kawaida hubeba herufi 160, ukitia emoji moja nafasi inashuka hadi 70.)

Liuli iliwahi kuchelewewa na habari kabla yetu. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wa pale waliouona kama sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha Berndt alijuana vizuri na Rhoades, nahodha wa Guendolen. Akaingia kwenye mashua, akaenda kumfokea rafiki yake kama kalewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Akawa mateka papo hapo.

Bibi alifika Mbinga kesho yake, jua limeshapanda. Ni kiharusi. Yu hai, ila mkono wa kulia haujarudi, ule aliokuwa akianikia usipa. Daktari aliuliza ilianza lini. Mama mdogo akasema jana jioni. Akaulizwa mbona wamechelewa, akajibu gari lilikuwa shida.

Mimi nilikuwa kwenye simu, nasikia. Sikumsahihisha.

Siku hizi namwandikia maneno: "Ndiyo, mama. Kodi." Naye, akipata, hunipigia kuhakikisha.