Mikia Myekundu (rangi za ndege katika simuleta)

Mikia Myekundu ni jina la utani la Kundi la 332 la ndege za kivita la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Makala hii inahusu kurejesha rangi na alama za ndege zake za P-51 Mustang katika simuleta za ndege kama DCS World na IL-2 Sturmovik.

Asili

Marubani wa kundi hili walikuwa Wamarekani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakiongozwa na Benjamin O. Davis Jr. Walipokea P-51 katikati ya mwaka 1944 wakiwa Ramitelli, Italia, wakasindikiza kwa ushujaa ndege za mabomu za Jeshi la Anga la 15. Kila kundi lilikuwa na alama yake ya mkiani: la 52 njano, la 325 miraba ya njano na nyeusi, la 332 nyekundu tupu. Kofia ya propela ilikuwa nyekundu pia. Vikosi vinne vya kundi vilitambulikana kwa rangi za vibapa vidogo vya kurekebishia mkia: cha 99 vyeupe, cha 100 vyeusi, cha 301 bluu, cha 302 njano.

Utengenezaji

Mchoraji hupata umbo la ndege likiwa limekunjuliwa kuwa picha bapa, kama shati lililofumuliwa mishono, kisha huchora matabaka katika GIMP au Photoshop: bati chini, rangi juu yake, halafu alama, ribiti, masizi na mikwaruzo.

Bati ndilo humshinda asiyesoma. Kiwiliwili cha Mustang kiliachwa bati tupu, lakini mabawa yalijazwa lipu kwenye viungio, yakasuguliwa na kupakwa rangi ya fedha ili hewa ipite bila kukwama. Kwa hiyo kiwiliwili hung'aa kama kioo na bawa huwa na mng'ao uliofifia. Anayevipa mng'ao mmoja amekosea ndege nzima. Usukani wa mkia ulikuwa wa kitambaa, nao haung'ai kama bati.

Ushahidi mkuu ni picha za wakati huo, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe. Filamu isiyohisi wekundu huufanya mkia uonekane karibu mweusi, na njano huweza kutoka nzito kuliko ilivyokuwa. Mchoraji makini hutafuta picha ya ndege moja na kuifuata hiyo, kwa kuwa hata ndege za kikosi kimoja hazikufanana. Nambari ya mkiani nayo huachwa tarakimu ya kwanza ya mwaka ulio mwanzoni mwake: 44 hubaki 4 moja.

Makosa ya kawaida

Milia myeusi na myeupe ya kutua Normandy haikuwa ya kundi hili. Pia "Ina the Macon Belle" ya Lee Archer, iliyobeba jina la mkewe, ilikuwa P-51C yenye kioo cha fremu na mgongo ulioinuka. Kuibandika juu ya P-51D yenye kioo cha kuba ni kuiharibu.

Hali ya sasa

DCS ilitoa P-51D mwaka 2012, mwaka uleule wa filamu Red Tails. P-51C halisi yenye rangi hizi, iitwayo "Tuskegee Airmen", ilianguka mwaka 2004, ikatengenezwa na kuruka tena mwaka 2009.