Maiti Zinazoruka: Muvi ya Bei Chee Iliyompa Jamaa Umaarufu, Kisha Ikamfungia Humo Humo

Wadau wa muvi za mateke, hii ni ya kitambo kidogo. Kuna muvi moja ya Hong Kong inaitwa Mr. Vampire, ya mwaka 1985. Kila ikirudi mitandaoni, watu wanagawanyika palepale. Kundi la kwanza linacheka mpaka machozi: vampaya gani huyu anaruka miguu pamoja kama mtoto anayeruka kamba? Uso umepakwa unga, mikono imenyooka mbele, halafu akibandikwa kikaratasi cha njano kwenye paji la uso anatulia tuli kama simu iliyozima chaji. Kundi la pili linakuja juu kama limetukaniwa mama.

Wanaocheka wana hoja, tusidanganyane. Muvi haitishi sana. Katikati hadithi inaacha njia kuu na kwenda kwenye mapenzi ya kijana na jini la kike, halafu inarudi kwenye maiti kama vile hakuna kilichotokea. Kwa pesa za Hollywood, bajeti yake ilikuwa ya vocha. Lakini kuna mambo ukiyajua, ile ruka-ruka inabadilika machoni pako.

Tuanze na kuruka kwenyewe. Wachina hawakuiga vampaya wa Kizungu. Wao wana jiangshi, maana yake maiti iliyokakamaa. Imekakamaa kwelikweli: goti halikunji, kiwiko hakikunji, kwa hiyo itatembeaje zaidi ya kuruka? Masimulizi ya zamani ya mkoa wa Hunan yanasema mtu akifia mbali, ndugu walikuwa wanamlipa mtaalamu amrudishe akazikwe kwao. Inasemekana maiti zilisimamishwa mstari mmoja, zikafungwa kwenye miti ya mianzi, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, wakasafiri usiku. Mwanzi unanepa, na ukiwa mbali gizani unaona kabisa wafu wanaruka. Hata yale mavazi ni ya maofisa wa utawala wa Qing, wanavaa walivyozikwa navyo. Kwa hiyo chini ya vichekesho vyote kuna woga ambao huku kwetu unaeleweka bila mkalimani: kufia ugenini na kukosa wa kukurudisha nyumbani.

Kuchanganya vampaya na kung fu hakukuanza 1985. Mwaka 1974, ule moto wa kung fu baada ya kifo cha Bruce Lee ulipokuwa bado unawaka, kampuni ya Hammer ya Uingereza iliungana na Shaw Brothers wa Hong Kong wakatoa The Legend of the 7 Golden Vampires. Humo Dracula mwenyewe anahamia China. Karatasini ilikuwa dili tamu, mazimwi ya Uingereza na mateke ya Hong Kong kwenye sahani moja. Watazamaji hawakuitikia. Marekani ilikuja kuonyeshwa miaka mitano baadaye, ikiwa imekatwakatwa na kupewa jina lingine, na kwa Hammer huo ukawa mwisho wa muvi zao za Dracula. Leo kuna wanaoipenda kama kitu cha ajabu cha zamani. Ila tatizo linaonekana wazi: mgeni kaletwa kwenye kijiji cha watu, na wenyeji hawakuwa wanamwogopa.

Hong Kong walirudi kwenye maiti zao wenyewe. Mwaka 1980 yule bonge anayeruka sarakasi kuliko vijana wembamba alitoa Encounters of the Spooky Kind, mateke, uchawi na vichekesho ndani ya sufuria moja. Watu wakaielewa. Miaka mitano mbele, bonge huyohuyo akawa mtayarishaji wa Mr. Vampire.

Hadithi yake iko hivi. Tajiri mmoja anataka kumfukua baba yake na kumzika upya ili mambo ya familia yanyooke. Kumbe enzi hizo mzee alimtisha mtaalamu wa makaburi akamnyang'anya kiwanja kizuri, na mtaalamu akalipiza kwa kumzika vibaya makusudi. Jeneza linafunguliwa baada ya miaka 20, mzee hajaoza. Mganga mkuu anawaagiza wanafunzi wake wawili wachore mistari ya wino kulizunguka jeneza lote ili asitoke. Wanachora juu, wanachora pembeni. Chini wanasahau. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Halafu kuna mchele. Dawa ya sumu ya vampaya ni ule mchele wa kunata, na lazima uwe mtupu. Mwanafunzi anatumwa dukani, muuzaji anamchanganyia na mchele wa kawaida ili apate faida. Mtu anaweza kufa kwa sababu ya muuza mchele! Yeyote aliyewahi kununua mchele uliochanganywa sokoni hapa ataacha kucheka dakika moja.

Sasa tuje kwenye mapigano, maana hapa ndipo wanaosema "muvi ya kitoto" wanapokosea zaidi. Aliyecheza yule vampaya mkuu ni jamaa ambaye wengi mnamjua bila kujua kuwa mnamjua. Ni yule mwenye nyumba mwembamba wa Kung Fu Hustle, anayeburuzwa na mke wake. Ujanani ndiye alikuwa anamrukia Bruce Lee sarakasi kwenye muvi zake. Mtu wa mwili kama huo akaambiwa apigane bila kukunja goti wala kiwiko. Jaribu hapo ulipo. Nyanyuka, nyoosha mikono, ruka hatua tano, halafu mrushe mtu ukutani. Hakukuwa na kompyuta ya kumsaidia.

Mpinzani wake ndiye stelingi wetu, mganga. Kwa Kikantoni watu walimwita Gau Suk, yaani Baba Mdogo wa Tisa, na jina hilo likameza jina lake halisi. Naye alikuwa kijana wa Bruce Lee, mwanastanti tangu hajafika miaka 20. Kabla ya hapo alisoma opera ya Kichina, na kwa sababu ya wembamba wake alikuwa anapewa nafasi za kike. Mwaka 1981, kwenye The Prodigal Son, alicheza bingwa wa Wing Chun ambaye jukwaani anaigiza mwanamke, nyusi zake zikiwa zimenyolewa kabisa. Miaka minne baadaye wakambandika nyusi nene moja iliyounganika katikati, akageuka mzee mkali. Alikuwa na miaka 32 tu, ila ukimwona hubishi kwamba huyu ni baba mdogo wa mtu.

Hong Kong ya wakati ule ilikuwa na mtindo mmoja mtamu. Muvi mpya ilionyeshwa kwanza usiku wa manane, na walioitengeneza wanakaa humohumo ukumbini. Watazamaji hawakuwa na adabu za sinema hata kidogo. Kitu kikiboa, wanatukana kwa sauti. Kikifurahisha, wanapiga kelele. Mtengenezaji mwenye akili alirudi studio kukata vipande vilivyozomewa kabla muvi haijaingia kumbi zote. Waliokulia kibanda umiza wanaijua hiyo shule, tofauti ni kwamba huku zomea yako haikufika kwa mwenye muvi.

Mr. Vampire iliingia kumbini Novemba 7, 1985, ikakusanya zaidi ya dola milioni 20 za Hong Kong, kama dola milioni 2.6 za Marekani kwa wakati ule. Ikavuka hadi Japani, watoto wakawa wanarukaruka na karatasi kwenye paji la uso. Mwaka 1989 maiti hizo zikatokea hata kwenye Super Mario Land ya Game Boy, zinaruka vilevile.

Raha hiyo yote ilikuwa na bili yake, na aliyeilipa ni Baba Mdogo wa Tisa. Watazamaji walimpenda akiwa mganga na hawakutaka kumwona kwa kitu kingine. Zikaja za pili na ya tatu, 1986 na 1987. Mwaka 1989 akaongoza mwenyewe Vampire vs Vampire, humo anakutana na vampaya wa Kizungu na vikaratasi vyake vinagoma kufanya kazi. 1990 akawa askari polisi, watu wakasema afadhali, kumbe ni askari mganga. Mwaka 1991 mambo yakafika mpaka Afrika: kwenye Crazy Safari anamrudisha vampaya nyumbani kutoka London, safari ya ndege inaharibika, maiti inaangukia kwa yule Msan wa Namibia aliyeokota chupa ya soda kwenye The Gods Must Be Crazy. Vampaya wa Kichina porini Afrika. Cheka tu, ila mwangalie jamaa usoni humo. Hacheki, hafanyi mzaha, anaigiza kama siku ya kwanza.

Huyu ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kucheza mwanamke wa opera, bingwa mgonjwa, mpelelezi, chochote. Mashabiki wanaosema leo "hakuna mganga kama yeye" wanasema kweli, na ukweli huohuo ndio uliomfungia mlango. Hata alipokwenda kwenye televisheni, 1995, kituo cha ATV kilimpa tamthilia ya kupambana na vampaya. Ikapendwa, ikaja ya pili. Ya tatu haikufika. Alifariki kwa saratani ya ini Novemba 8, 1997, akiwa na miaka 44. Ilikuwa miaka 12 na siku moja tangu Mr. Vampire itoke.

Mwaka 2013 ilitoka Rigor Mortis, na anayeicheka hiyo bado hajazaliwa. Imetengenezwa kwa heshima ya muvi za zamani, ikatolewa kwa kumbukumbu yake na ya mwenzake aliyecheza mmoja wa wanafunzi wale wawili, aliyefariki 2011. Mwanafunzi wa pili yumo, anaigiza muigizaji wa muvi za vampaya aliyeishiwa kazi, anahamia kwenye jengo chakavu akiwa na mpango wa kujinyonga. Kwenye jengo hilohilo kuna mganga mstaafu. Vampaya waliisha siku nyingi, kwa hiyo amefungua kimgahawa, na ule mchele wa kunata anaupikia wateja.